Ngitili: Habari za Nyasi Zilizofungwa katika Nchi ya Bariadi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za nyasi. Najua wako watakaocheka, maana nyasi ni kitu tukikanyagacho kila siku bila kukitazama. Lakini mtu aliyepita Bariadi mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimeanza, aweza kuona jambo litakalomshangaza. Ataona mchunga amesimama na ng'ombe zake, mbavu zao zahesabika kwa sababu ya kiangazi kilichopita, na mbele yao pana kiwanja kikubwa cha majani mabichi yaliyochipua. Hapana ukuta, wala miba, wala askari. Hata hivyo mchunga azipiga ng'ombe zake fimbo na kuzipeleka upande mwingine, mahali penye majani haba. Mgeni akiuliza sababu, ataambiwa neno moja tu: ngitili.

Nchi ninayoisema iko mashariki ya Ziwa Victoria. Wenyeji wake ni Wasukuma, na wale wa Bariadi hasa huitwa Wanyantuzu. Zamani nchi hiyo ilikuwa na watemi wake, wa Ntuzu, wa Itilima, wa Kanadi na wengine, mpaka utemi ulipoondolewa katika Tanganyika mwaka 1963. Kwa miaka mingi Bariadi ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ulifanywa mkoa mpya, ukapewa jina la mto Simiyu, ambao maji yake huenda ziwani. Upande wa mashariki nchi hiyo yapakana na pori la akiba la Maswa na hifadhi ya Serengeti, mahali pa wanyama wa mwitu. Kwa hiyo mkulima wa pamba na nyumbu ni majirani, nao wote wawili huishi kwa mvua ile ile.

Wasukuma huijua ardhi yao kwa majina. Juu, karibu na majabali, pana mchanga uitwao luseni, ambao ni mwepisi kwa jembe. Chini yake huja itogolo, udongo mgumu ambao jua huukausha kama sakafu. Bondeni kabisa pana mbuga. (Sisi wengine tukisikia mbuga twafikiri simba na twiga, lakini kwa Msukuma mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuzamisha magurudumu wakati wa masika.) Luseni hulimwa, na mbuga siku hizi hulimwa vile vile. Itogolo ndiyo iliyoachiwa mifugo, na aghalabu hapo ndipo penye ngitili.

Basi ngitili ni nini? Ni sehemu ya malisho ambayo hufungwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, isiingiwe na mnyama hata mmoja mpaka kiangazi kimekaza, yaani mwezi wa Julai au Agosti au hata baadaye. Ziko ngitili za mtu mmoja na jamaa yake, karibu na nyumba, tena ndogo. Na ziko ngitili za kijiji kizima. Katika miezi ile ya kufungwa majani hukua, hutoa maua, hukomaa, huangusha mbegu. Visiki vya migunga vilivyokatwa siku nyingi zilizopita huchipua, kwa kuwa mizizi yake haikufa. Siku ya kufungua haingii kila mnyama. Hutangulia ndama, na ng'ombe wa maziwa, na maksai watakaolima, na wale wazee na wagonjwa wasioweza kwenda mbali. Tena hawaachiwi ngitili nzima. Huanza upande mmoja wakaumaliza, ndipo wapelekwe wa pili. Na wakila maganda ya migunga, mbegu hupita tumboni na kuanguka pamoja na samadi, zikaota mvua zikirudi.

Kazi hii yote ni ya majira. Mwenye kufunga mapema hukosa malisho ya mvua za kwanza, na mwenye kufungua mapema hukuta ghala tupu mwezi wa Oktoba, wakati ambao ng'ombe hufa. Kwa hiyo wazee walikutana kuamua siku. Baraza la namna hiyo Wasukuma huliita dagashida, na mtu aliyeivunja amri yake, kwa kulisha kwa siri usiku au kukata mti pasipo ruhusa, alitozwa mchenya, ndiyo faini. Akikataa kulipa, majirani walimtenga. Hawakumsaidia kulima, hawakuja msibani kwake, wala hawakumpa moto. Katika nchi ambayo mtu hana jela karibu, nadhani adhabu hiyo ilitosha.

Sasa natamani niseme kwamba desturi hiyo imedumu tangu kale mpaka leo bila kukatika. Haikuwa hivyo. Habari zake zina mashaka mengi, na katika mashaka hayo mti ulihesabiwa mara adui, mara rafiki.

Katika miaka ya 1890 lilipita gonjwa la sotoka, ambalo liliua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki kwa wingi usiosemeka. Ng'ombe walipokufa, hapakuwa na midomo ya kula majani wala miguu ya kukanyaga miche. Watu nao waliondoka kwa njaa. Mahali palipokuwa malisho pakaota vichaka, na katika vichaka akaingia mbung'o. Yamkini nyote mwamjua mdudu huyu. Hunyonya damu ya pofu na ya nguruwe mwitu, naye akimwuma ng'ombe humpa nagana, akimwuma mtu aweza kumpa malale. Mwaka 1922 malale yalionekana katika nchi ya Maswa, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Bariadi. Ilikuwa hofu kubwa. Katika sehemu nyingi za Tanganyika watu walihamishwa kutoka porini, wakakusanywa mahali pamoja palipofyekwa.

Mbung'o ana udhaifu mmoja: hawezi kustahimili jua kali. Mchana hukaa kivulini, juu ya shina la mti au chini ya tawi. Ukikiondoa kivuli, umeiondoa nyumba yake. Jambo hili alilishika Bwana C. F. M. Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa mwitu ya Tanganyika, kisha akawa mkuu wa uchunguzi wa mbung'o huko Shinyanga. Yuko mbung'o wa pande hizi ambaye wataalamu walimpa jina lake. Katika miaka ya 1920 alipatana na mtemi Makwaia wa Usiha, na watu kwa maelfu wakatoka na mashoka na mundu, wakafyeka pori wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Kazi ya namna hiyo haikuwa ngeni kwa Wasukuma, kwani vijana wao walikuwa na vyama vya kulima pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, wakiimba na kushindana. Swynnerton alikuwa na hila nyingine pia. Aliwaomba watu wasichome majani ovyo mwanzo wa kiangazi, ila wayalinde mpaka yakauke kabisa, kisha yawashwe yote siku moja, ili moto uwe mkali na kuunguza vichaka.

Kazi ile ilikuwa na faida, na mtu asiwalaumu walioifanya bila kufikiri. Ng'ombe walirudi mahali ambapo walikuwa hawawezi kuishi, na watu wakarudi pamoja nao. Lakini tazameni jambo moja ambalo hunisumbua kila nilifikiripo. Katika idara ile ile ya mbung'o alikuwamo mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt, aliyezunguka pori akikusanya majani, maua na mbegu, akitunga kitabu cha kumsaidia mtu kuitambua miti ya nyika za Tanganyika na vichaka na mitambazi yake. Ilimpasa kuijua, maana huwezi kujua mbung'o apenda mti gani kama huijui miti. Basi mkono mmoja wa idara ulikuwa ukiiandika miti majina, na mkono wa pili ukiikata. Mwaka 1938 Swynnerton na Burtt walikufa pamoja, ndege waliyopanda ilipoanguka.

Mti ulipokwisha kuitwa nyumba ya mbung'o, haikuwa rahisi kuurudishia heshima yake. Mashoka yalizoea. Pamba ilileta fedha, na fedha ilinunua ng'ombe, na ng'ombe walitaka malisho, na shamba la pamba lilitaka ardhi ile ile. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianza mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma. Zilitolewa amri za kupiga matuta, za kupunguza mifugo, na nyingine nyingi. Baadhi yake zilikuwa na maana njema, lakini zililetwa kwa faini na karani, na watu wakazichukia, hata uhuru ulipokaribia wengi walihesabu kuacha matuta kuwa sehemu ya kupata uhuru.

Pigo la ngitili hasa lilikuja baadaye. Mwaka 1974 ulifanyika uhamisho wa vijiji katika mkoa wa Shinyanga, na watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mmoja na mji wake na ua wake wa minyaa, waliletwa pamoja kando ya barabara. Nia ilikuwa kupata shule, maji na dawa, na vitu hivyo kweli vilipatikana kwa wengi. Lakini ngitili ilikuwa imefungamana na nyumba. Mtu akihamishwa maili sita, ni nani atakayeilinda ngitili aliyoiacha nyuma? Ikawa haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe, kila mwenye ng'ombe alikuwa na haki nacho. Kuni za kijiji kipya nazo zilikatwa huko huko. Baada ya miaka kumi Shinyanga ikawa na sifa mbaya katika Tanzania nzima, watu wakisema kuwa nchi ile yageuka jangwa. Wanawake walikwenda mwendo wa saa nyingi kutafuta kuni, na mahali pengi walipikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 Serikali ya Tanzania ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, na nchi ya Norway ikaisaidia kwa fedha. Kwanza walifanya kama wafanyavyo watu wa misitu kila mahali: waliotesha miche katika bustani, mingi ya miti ya kigeni, wakaigawa. Miche mingi ilikufa. Itogolo si udongo wa kubembelezwa, na kiangazi cha Usukuma hakimhurumii mtoto wa mti aliyelelewa kivulini kwa maji ya ndoo. Ndipo wataalamu walipowaendea wazee kuwauliza, na wazee wakawaonyesha visiki. Miti ilikuwa chini ya miguu yao, hai, yangoja kuachwa. Haikuhitaji bustani wala ndoo. Ilihitaji kufungiwa.

Ngitili zilizojulikana mwaka ule wa 1986 zilikuwa hekta 600 hivi katika mkoa wote. Kuanzia hapo vijiji vilikaa tena katika dagashida, vikaweka mipaka na siku za kufunga na kufungua. Sungusungu, walinzi wale wa kijadi walioinuka mwanzo wa miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, walipewa na kazi ya kuwakamata wavunjao amri za ngitili. Baadaye sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliwapa wanakijiji nguvu ya kuitawala ardhi yao kwa maandishi. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 2000, ngitili zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Kumbukeni kwamba mkoa wa Shinyanga wa siku zile ulikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu waliokwenda kuhesabu mimea walikuta katika ngitili aina zaidi ya mia moja za miti, vichaka na mitambazi ya kienyeji. Na ndege waliokuwa wamepotea walirudi kujenga matundu. Wenyeji walipata kuni karibu, na nguzo, na nyasi za kuezekea, na asali, na dawa. Wako waliouza nyasi za ngitili zao kwa jirani mwenye ng'ombe wengi, na kwa fedha hiyo wakalipa ada za watoto.

Msidhani basi kwamba mashaka yamekwisha. Familia huongezeka, na ngitili ya baba hugawanywa kwa wana wanne, kila mmoja akapata kipande kisichotosha ndama wawili. Tajiri mwenye ng'ombe mia hupenda ngitili ya kijiji kuliko maskini mwenye mbuzi watatu, kwa sababu yeye ndiye anayeila. Hayo ni maneno ya kuzungumzwa barazani, na vijiji vingine vimeyazungumza vizuri kuliko vingine.

Nimesema kwamba upande wa mashariki pana pori la Maswa na Serengeti. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na pori la akiba la Maswa lilitengwa mwaka 1962. Mipaka ya pori hilo imesogezwa mara kadha tangu hapo. Huko nako ni malisho yaliyofungwa, lakini hayana siku ya kufunguliwa. Katika mwezi wa Oktoba mchunga wa kijiji cha mpakani huona majani ya pori yamesimama, na yake yamekwisha, na akiingiza ng'ombe zake hukamatwa, na ugomvi huo umewafilisi wengine. Mimi naona kwamba mahali penye ngitili nzuri mchunga ana jambo la kujibu njaa ya Oktoba. Mahali pasipo na ngitili hana ila kuvuka mpaka.

Lakini kuna adui asiyejali mpaka huo, wala hamwogopi askari wa pori wala sungusungu. Ni mimea ya kigeni. Katika nchi ya Serengeti na jirani zake wataalamu wamehesabu mimea ya kigeni aina zaidi ya mia mbili, na iliyo mingi ililetwa na watu kwa kusudi, kupamba bustani za nyumba na za hoteli. Mingi haina neno. Hukaa mahali ilipopandwa. Michache imetoka bustanini. Uko mpungate wenye miba na matunda mekundu, ambayo nyani na tembo huyala wakazitawanya mbegu zake. Iko alizeti pori yenye maua ya manjano. Na liko gugu karoti, lililotoka Amerika, ambalo majani yake machanga hufanana na ya karoti na maua yake ni meupe, madogo kama vichwa vya sindano. Mmea mmoja wa gugu karoti waweza kutoa mbegu elfu kumi na tano au zaidi. Huota kando ya barabara, penye madaraja, mahali malori yanapogeukia, kisha huenda malishoni kwa matope ya magurudumu na kwato. Hunyima nyasi za kienyeji nafasi. Ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Na mtu akilishika mara kwa mara, ngozi humwasha na kifua hubana.

Huko hifadhini watumishi wa pori hutoka mvua zinaponyesha wakaling'oa kwa mikono, kando ya njia na mito. Ni kazi ya majira kama ngitili. Kabla ya mvua halijaota, hulioni. Likiisha kutoa maua umechelewa, kwa kuwa ukiling'oa wazimwaga mbegu wewe mwenyewe. Kuna majuma machache tu ya kulishinda kila mwaka, na mbegu zilizobaki udongoni zaweza kungoja miaka, kwa hiyo mahali palipong'olewa lazima parudiwe mvua zijazo, na mvua za baada yake.

Sasa fikirini. Kati ya Serengeti na ngitili za Bariadi hapana ukuta. Ngitili ikifungwa mwezi wa Desemba hakuna ng'ombe wala mchunga apitaye ndani, na gugu likiingia laweza kukua na kupasua mbegu zake kwa amani mpaka Julai, wenyewe wakidhani kwamba kilichomea humo ni malisho. Desturi ya kale ilimweka mlinzi wa kuzuia miguu isiingie. Haikuweka mtu wa kuingia kutazama kinachoota, kwa sababu siku zile hapakuwa na haja.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wazee wa vijiji vya mpakani jambo hili. Wiki ya tatu au ya nne baada ya mvua za kwanza, wakubwa wachache waipite ngitili kwa mstari, na zaidi kandokando, penye njia ya ng'ombe na penye barabara. Watoto wanaoumwa pumu wasiende. Atakayeshika gugu karoti avae kitu mikononi, hata mfuko wa kawaida, na afunike pua kwa kitambaa. Aling'oe pamoja na mzizi likiwa bado halina maua. Likiwa tayari na maua, lisiburutwe njiani; litiwe katika gunia hapo hapo, gunia lifungwe mdomo, mimea ikaushwe ndani yake, kisha ichomwe mbali na majani makavu. Na kipande kile cha ardhi kitiwe alama, ili mwakani mtu ajue pa kuanzia.